Kutenganisha si kurejeleza

Januari 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba plutoni yake ya kiraia, tani zipatazo 140 zilizohifadhiwa katika kituo cha nyuklia cha Sellafield, haitageuzwa tena kuwa mafuta ya vinu. Itafungiwa ndani ya kitu kigumu kama kauri, kisha siku moja izikwe ardhini. Miezi minne baadaye, Mei 2025, Rais Donald Trump alitia saini amri za kiutendaji zilizoitaka Marekani iangalie upya uchakataji wa mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika, yaani kutenganisha urani na plutoni zilizomo, kazi ambayo nchi hiyo iliiweka kando tangu miaka ya 1970. Watu wengi walizisoma habari hizi kama kisa cha nchi moja iliyochoka na nyingine iliyoamka. Wapenzi wa nyuklia waliisikitikia Uingereza kwa kutupa mali, na wapinzani wakaicheka Marekani kwa kufukua maiti. Pande zote mbili zimejikwaa kwenye jiwe moja: zinadhani ugumu uko kwenye kutenganisha. Hauko huko. Kemia ya kutoa plutoni ndani ya mafuta machafu inajulikana tangu miaka ya 1940. Linaloamua kama umerejeleza au umejitwisha mzigo mpya ni kinu cha kuila hiyo plutoni ukishaipata. Uingereza haikushindwa kutenganisha. Ilitenganisha kwa miongo kadhaa, ikakosa pa kuipeleka.

Tuanze na kinachotoka kinuni. Kinu cha maji ya shinikizo chenye uwezo wa megawati 1,000 hutoa kati ya tani 20 na 25 za mafuta yaliyotumika kwa mwaka. Mafuta yenyewe ni vidonge vya oksidi ya urani vilivyopangwa ndani ya fimbo nyembamba za aloi ya zirkoni. Fimbo 264 hushikanishwa kuwa tita moja lenye urefu wa mita nne hivi, na ndani ya tita mna karibu nusu tani ya urani. Tita jipya lina asilimia 4 hadi 5 ya urani 235, ile inayopasuka kwa urahisi. Likitolewa baada ya miaka minne hivi, kila kilo 100 za kilichomo ni kama kilo 95 za urani, kilo moja ya plutoni iliyozaliwa humo humo, kilo nne hivi za mabaki ya mpasuko kama sesi na stronti, na gramu mia moja hivi za neptuni, amerisi na kyuri. Jumlisha urani na plutoni, ndipo unapata ile asilimia 96 inayopambwa kwenye kila bango la matangazo: “asilimia 96 ya mafuta yaliyotumika yanaweza kurejelezwa.”

Neno la kuangalia hapo ni “yanaweza”. Ile urani kilo 95 karibu yote ni urani 238, ambayo vinu vya kawaida haviichomi ipasavyo. Urani 235 iliyobaki ni chini kidogo ya asilimia moja, kwa hiyo lazima irutubishwe upya, yaani fungu la urani 235 liongezwe. Fanya hesabu: kutoka urani yenye asilimia 0.85 kwenda asilimia 4.8, huku ukibakiza makapi ya asilimia 0.25, unahitaji kilo saba na nusu hivi kupata kilo moja. Na plutoni ya MOX, yaani mchanganyiko wa oksidi za plutoni na urani, huwa asilimia 8 au 9, wakati tita lililotumika lina asilimia moja tu. Kwa hiyo hesabu ya Wafaransa, ambao ndio mabingwa wa kazi hii, ni kwamba matita manane yaliyotumika yakichakatwa yanatoa tita moja la MOX na jingine moja la urani iliyorutubishwa upya. Mawili kwa manane. Sehemu kubwa ya ile asilimia 96 inarudi stoo ikiwa urani hafifu, ikisubiri vinu vya nyutroni za kasi, vinavyoweza kuichoma, ambavyo kwa sasa vinahesabika kwa vidole. Mawili kwa manane si haba, lakini si tisini na sita kwa mia.

Hata hilo tita la pili lina masharti yake. Urani iliyopita kinuni hubeba urani 236, inayomeza nyutroni bure, hivyo inabidi urutubishe zaidi ili kufidia. Hubeba pia chembe za urani 232, ambayo kizazi chake, thali 208, hutoa mionzi mikali ya gama, hivyo mitambo ya kurutubishia na kutengenezea vidonge inahitaji kinga isiyokuwa ya lazima kwa urani ya mgodini. Ufaransa ilisimamisha matumizi ya urani hii kwa miaka kumi hivi, na mwaka 2024 ikairudisha katika kinu cha Cruas. Kazi ya kuirutubisha ilikuwa ikifanyika Seversk, Urusi. Anayesema urejelezaji unaikomboa nchi kutoka kwa wauzaji wa nje ana la kujibu hapo.

Sasa tuingie kiwandani. Huko La Hague, kwenye rasi ya Normandi, tita hukaa kwanza bwawani kwa miaka kadhaa lipoe. Kisha mashine hulikatakata vipande vya sentimita tatu na nusu hivi, vinavyotumbukia kwenye asidi ya nitriki iliyochemshwa. Mafuta yanayeyuka, magamba ya zirkoni yanabaki, yanaoshwa na kugandamizwa kwenye mitungi. Maji hayo ya asidi huchujwa kwa mashine ya kuzungusha kwa kasi ili kuondoa punje laini za ruteni, paladi na molibdeni zisizoyeyuka, kisha hukutanishwa na kiyeyusho kinachotokana na mafuta yanayofanana na mafuta ya taa, kilichotiwa asilimia 30 ya kemikali iitwayo TBP (tributili fosfeti). Urani na plutoni hukimbilia kwenye kiyeyusho hicho; mabaki ya mpasuko hubaki kwenye asidi. Halafu plutoni hubadilishwa hali ya kikemia kwa kuongezewa elektroni, ikaacha kukipenda kiyeyusho na kurudi majini peke yake. Mwishoni inagandishwa kuwa oksalati, inachomwa, na inakuwa unga wa oksidi kwenye makopo. Mabaki ya mpasuko hukaushwa na kuyeyushwa pamoja na kioo kwa nyuzi joto 1,100 hivi, yakamiminwa kwenye mtungi wa chuma kisichoshika kutu wenye kimo cha mita 1.3, ukibeba kilo 400 za kioo. Yote hayo hufanyika nyuma ya kuta nene za zege, bila mkono wa mtu kugusa.

Ukieleza hivyo inasikika nyepesi. Ugumu uko kwenye matengenezo, kwa sababu huwezi kumtuma fundi ndani na spana. TBP yenyewe huharibiwa na mionzi inayopita ndani yake, ikazaa dibutili fosfeti, ambayo hung’ang’ania plutoni na zirkoni na kukataa kuziachia. Ndiyo maana kiyeyusho huoshwa kwa sodiamu kaboneti kila kikizunguka. Kikiachwa kikachanganyika na asidi kali na kupashwa joto kupita nyuzi 130 hivi, hugeuka kile mafundi wanachokiita mafuta mekundu, na hicho hulipuka: ndivyo ilivyokuwa Tomsk-7, Urusi, Aprili 1993. La Hague kwenyewe, kuta za vikoleza, yaani vyombo vya kuchemshia maji ya mabaki ya mpasuko yapungue, ziligunduliwa kuliwa na asidi haraka kuliko wahandisi walivyokadiria, ikabidi vipya vijengwe kando.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa THORP, kiwanda cha Sellafield kilichofunguliwa mwaka 1994. Ndani yake kulikuwa na tangi la kupimia, lililoning’inizwa ili lipimwe uzito, maana uzito ndio unaowaambia wahasibu wa nyuklia kiasi gani cha plutoni kimeingia. Vizuizi vya kulituliza vilikuwa vimeondolewa katika mabadiliko ya usanifu. Tangi likawa linayumba kila lilipojazwa na kukorogwa, na bomba lililoungwa juu yake likachoka taratibu kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa, hadi likakatika. Kamera ilipopitishwa Aprili 2005, chumbani mlikuwa na dimbwi la mita za ujazo 83 za asidi yenye tani 20 hivi za urani na kilo 160 hivi za plutoni. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa sakafu ilikuwa imevikwa chuma kwa ajili ya siku kama hiyo. Lakini uvujaji ulikuwa umedumu kwa miezi, na sampuli za shimo la kukusanyia zilikuwa zimeonyesha urani mapema bila mtu kushtuka. Faini ikawa pauni 500,000. Wenye shaka na nyuklia hupenda kukitaja kisa hiki kwa sababu ya lile dimbwi. Kwa maoni yangu dimbwi ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba kilo 160 za plutoni zilikosekana kwenye mizani kwa miezi, na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) huhesabu kilo 8 kuwa zinatosha bomu moja.

Japani ilikwama kwingine. Ujenzi wa kiwanda cha Rokkasho ulianza 1993, ukatarajiwa kukamilika 1997. Agosti 2024 tarehe iliahirishwa kwa mara ya 27, ikasogezwa hadi mwaka wa fedha wa 2026. Kukata na kuyeyusha kulifanyika katika majaribio. Kilichokwama ni tanuri la kioo: metali nzito za jamii ya platini zilizama chini, zikaziba mdomo wa kumiminia, na fimbo ya kukorogea ikapinda. Tanuri la Rokkasho ni kubwa, la matofali, linalopashwa joto kwa umeme unaopita ndani ya kioo chenyewe. Wafaransa hutumia chungu kidogo cha chuma wanachokibadilisha mara kwa mara. Kidogo cha kutupa kikalishinda kikubwa cha kudumu.

Hivyo tunarudi Uingereza, na kwa nini plutoni yake ilikwama. Vinu vyake vingi havikuwa vya maji ya shinikizo. Vya kwanza, Magnox, na vile vya gesi vilivyofuata havikuundwa kwa MOX, na kinu kimoja tu, Sizewell B, ni cha aina inayoweza kuila bila mageuzi makubwa, lakini hakikupewa kibali. Kinu cha nyutroni za kasi cha Dounreay kilifungwa 1994, mwaka ule ule THORP ilipofunguliwa. Ni kama kufungua mashine ya kusaga siku sokoni hakuna tena mnunuzi wa unga. Kiwanda cha MOX cha Sellafield kilikusudiwa kutoa tani 120 kwa mwaka kwa wateja wa nje. Katika maisha yake yote kilitoa tani 14 hivi, kikafungwa 2011 baada ya ajali ya Fukushima kuwaondoa wateja wa Kijapani. Wakati huo plutoni makoponi haikuwa imelala. Plutoni 241 hupungua nusu kila miaka 14 na kugeuka amerisi 241, inayotoa gama na isiyosaidia mpasuko, hivyo plutoni iliyokaa inazidi kuwa ngumu kushikwa huku ikizidi kuwa mafuta duni. Baadhi ya makopo yaliingiwa na klorini kutoka kwenye mifuko ya plastiki iliyochakaa. Ukishaitenganisha plutoni, saa imeanza kuhesabu. Ndani ya tita lisilokatwa, saa hiyo haikudhuru, kwa sababu hukuwa na mpango wa kuishika.

Ufaransa ndiyo ushahidi wa upande wa pili, na ni haki kuueleza kwa uzito wake. Vinu zaidi ya 20 vya megawati 900 vilipewa kibali cha MOX, hadi theluthi moja ya mafuta yaliyo kinuni, na kiwanda cha Melox kikajengwa kuvilisha. Sehemu moja ya kumi hivi ya umeme wa nyuklia wa nchi hiyo imekuwa ikitoka humo. Nchi isiyochimba urani tangu 2001, ambayo Juni 2025 iliishuhudia Niger ikiutaifisha mgodi wa SOMAÏR, haiwezi kulaumiwa kwa kuthamini moja ya kumi ya nyumbani. Kioo nacho ni umbo zuri la taka: hakivuji gesi, hakina plutoni ya kumtamanisha mtu, na ujazo wake ni mdogo kuliko wa matita. Anayedai kwamba uchakataji haujawahi kufanya kazi popote hajaitazama Normandi, ambako tani elfu moja hivi hupita kila mwaka. Hiyo ni hoja dhaifu ya wapinzani na haifai kupewa nafasi zaidi.

Lakini hata Ufaransa mnyororo ni mrefu kuliko unavyochorwa. Melox ilipobadilisha aina ya unga wa urani, vidonge vikaanza kutoka na visiwa vya plutoni visivyochanganyika sawasawa, vikakataliwa, uzalishaji ukashuka sana, na makopo ya plutoni na MOX mbovu yakaanza kubanana La Hague. Kiungo kimoja kikilegea, plutoni inarundikana. Zaidi ya hapo, MOX iliyotumika haichakatwi mara ya pili kwa kawaida, kwa kuwa isotopu zake zimeharibika mno kwa vinu vya maji. Inakaa bwawani, ikitoa joto zaidi ya tita la kawaida kwa miongo mingi, na nafasi ya kaburi la chini ya ardhi hupangwa kwa joto kabla ya ujazo. Kwa hiyo mzunguko unaochorwa kama duara ni kweli safari ya mara mbili tu, halafu kituo. Duara lingefungwa na vinu vya kasi. Superphénix ya Ufaransa ilifungwa 1998, mradi wa ASTRID wa nchi hiyo hiyo ukasimamishwa 2019, Monju ya Japani ikaamuliwa kubomolewa 2016. Urusi inaweza kuonyesha kinu kikubwa, BN-800 cha Beloyarsk, kilichojazwa MOX tupu tangu 2022.

Kwenye gharama, chukua makadirio ya upole: dola 1,000 kuchakata kilo moja ya mafuta. Plutoni ya kilo moja ya MOX inatoka kwenye kilo nane, kwa hiyo umetumia dola 8,000 kabla ya kufinyanga kidonge kimoja. Urani ya mgodini ya kilo moja ya mafuta mapya, kwa bei ya dola 80 kwa ratili, haizidi sana dola 2,000, na hata ukiongeza kurutubisha na kutengeneza, bado uko mbali na 8,000. Watetezi hujibu kwamba kuchakata ni gharama ya kushughulikia taka, MOX ni kitu cha ziada tu. Jibu hilo lina mantiki, lakini likikubaliwa, wimbo wa kuokoa urani unapaswa kunyamaza, kwa kuwa huwezi kuuza ng’ombe mmoja mara mbili.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema urejelezaji unapunguza hatari ya taka kutoka miaka mamia ya maelfu hadi miaka 300. Namba ya 300 inahusu taka iliyoondolewa siyo plutoni tu, bali amerisi na kyuri pia, kwa usafi wa hali ya juu sana, kisha zote zikachomwa kwenye vinu vya kasi tena na tena. Kinachofanyika leo huiacha amerisi na kyuri ndani ya kioo, na kioo hicho huhitaji miaka kama elfu kumi kushuka hadi kiwango cha urani asilia iliyochimbwa mwanzo. Ni nafuu ya kweli, lakini bado ni miaka ya kuchimbia kaburi: Ufaransa inaandaa lake katika kijiji kiitwacho Bure, mita 500 chini ya ardhi, na kina hicho hakipishani sana na cha Onkalo ya Finland, nchi iliyoamua kuzika matita mazima ndani ya mikebe ya shaba bila kuyachakata. Dai jingine la jamii hiyo ni kwamba plutoni ya vinu vya umeme haiwezi kuwa bomu. Marekani yenyewe ilieleza mwaka 1977 kwamba iliijaribu mwaka 1962, na ililipuka. Na kiwanda cha ukubwa wa Rokkasho kingetenganisha tani 8 za plutoni kwa mwaka. Kosa la kipimo la asilimia moja tu ni kilo 80, yaani mabomu kumi kwa kipimo cha IAEA.

Haya yanatugusa Afrika Mashariki kwa njia mahususi. Kenya, iliyohamishia macho yake kutoka Uyombo, Kilifi, kwenda Siaya, inataka kinu. Uganda ina eneo lake Buyende. Mwananchi akiuliza taka zitakwenda wapi, “zitarejelezwa” ni jibu jepesi mdomoni. Kiwanda cha tani 800 kwa mwaka kinahitaji mafuta ya vinu 35 hivi. Nchi yenye kinu kimoja au viwili haitajenga chake, itapeleka kwa mwenye nacho. Hapo mkataba ndio kila kitu. Bangladesh ilitia saini mwaka 2017 makubaliano ya Urusi kuyachukua mafuta yaliyotumika ya kituo chake cha Rooppur. Kwa Ufaransa mambo ni tofauti: sheria yake ya 2006 inakataza taka za wageni kubaki, hivyo kioo hurudi kwa mwenyewe. Vifungu vya kuulizia ni vinne: nani mmiliki wa plutoni ikishatolewa, itaingia kinu gani na mwaka gani, urani iliyotoka itakuwa mali ya nani, na mitungi itarudi lini. Kama hakuna jibu la kifungu cha pili, afadhali matita yapoe bwawani miaka mitano au zaidi, kisha yawekwe kwenye makasha makavu ya chuma na zege yanayopozwa na hewa tu. Tita lililo kavuni linaweza kuchakatwa baada ya miaka 50 mtu akitaka. Lililokwisha kuyeyushwa kwenye asidi halirudishwi kuwa tita.

Na mitungi hurudi kweli, ila kwa mwendo wake. Ujerumani iliacha kupeleka mafuta nje kuchakatwa mwaka 2005. Vinu vyake vya mwisho vilizimwa Aprili 2023. Shehena ya mwisho ya taka zake kutoka La Hague ilifika Philippsburg kwa treni Novemba 2024, ikaingizwa kwenye ghala la muda, kwa kuwa kaburi la kudumu bado halijachaguliwa.